Mshono Ukipinda

Fundi wa mishanana, yale mavazi ya harusi ya kujitanda begani, pale Gitega huhifadhi insulini yake kwenye chungu chenye mchanga mbichi ili isipate joto, chini ya cherehani, na kila adhuhuri hujichoma tumboni kabla ya kugusa chakula, huku akipiga soga na wateja. Leo Yasmina, dada wa bibi harusi, amesimama mlangoni: magari yanapiga honi, na upindo umebaki shibiri moja tu! Ghafla cherehani inanyamaza. Fundi anautazama mshono. Umepinda. Anajitoboa kidole kidogo cha kushoto, kile kisichogusa kitambaa, anapima tone la damu, kisha anafungua fanta na kuimaliza.

"Sukari imeshuka. Nipe dakika kumi na tano."

"Mama Fundi, wageni wamefika! Hakuna atakayeuona!"

"Mimi nimeuona."

Anakaa, macho kwenye saa, mpaka mikono inaacha kutetemeka. Anapima tena, anatabasamu, anafumua kile kipande na kukishona upya, kimenyooka twaa. "Haya, kimbia!" Yasmina anachomoka na mushanana mikononi, akipiga vigelegele barabara nzima, na nyuma yake fundi anavipokea kwa vigelegele virefu kuliko vya Yasmina.