Siku Niliyoifukiza Udi Mashine ya Athmani

Mwaka ule Mombasa nzima ilipoogopa nyama kwa maradhi ya ng'ombe, biriani tukapika ya nguru, tukala samaki mpaka paka wa Mji wa Kale wakakinai, ndio mwaka niliojiaibisha mbele ya wageni, na naeleza mwenyewe kabla jirani yangu Bi Zuhura hajawaeleza akatia na chumvi yake.

Mjukuu wangu Athmani alikuwa akigonga mihuri kwenye ofisi moja ya mizigo Mbaraki. Akaleta nyumbani kompyuta kuukuu, akasema ataitia programu iitwayo Linux iwe seva, yaani mashine moja ya kuhudumia zenzake (ndivyo alivyonieleza, nami shule niliiacha darasa la tatu, nikaitikia tu). Mkubwa wake, Bwana Mutiso, akaahidi kuja Jumapili kuiona. Ikifanya kazi, Athmani atakabidhiwa kompyuta za ofisi. Isipofanya, agonge mihuri mpaka azeeke.

Basi ikawa kila akiianzisha akatoka kwenda msikitini, akirudi huikuta imeganda katikati, programu haijaisha kuingia. Akabadilisha diski, akabadilisha nyaya, akaifungua matumbo akaifunga.

"Mke wangu," akaniambia (mjukuu na nyanya yake kwetu ni watani), "mashine hii hainipendi."

"Imepigwa jicho, mume wangu. Bi Zuhura kaingia humu mara ngapi?"

Kumbe jicho gani! Kila akitoka mimi huivika kitambaa changu nilichokifuma kwa mkono, kizito, kina vishada, isiingie vumbi. Kwani televisheni haivikwi? Hata jagi lina kofia yake! Nikisikia hodi yake naivua, maana hapendi vitambaa vyangu kwenye vitu vyake.

Jumapili akaianzisha tena, akaenda Feri kuwapokea wageni. Mimi nikafukiza udi nyumba nzima, mapazia, mito, nikaona haya mashine peke yake inuke vumbi. Ilikaa juu ya stuli ya kamba, basi nikaivika nguo yake, nikasukuma chetezo chenye makaa na udi chini yake, kama tufukizavyo nguo za bibi harusi.

Kabla sijaivua wageni wakaingia na Athmani, Bwana Mutiso na mkewe, na nyuma yao Bi Zuhura na sahani ya kaimati, kisingizio cha kuchungulia.

"Shikamoo, nyanya," Bwana Mutiso akaniamkia.

"Marahaba, karibuni! Mashine yenyewe ile pale," nikasema kwa maringo, na hapo ikatoa moshi kwa nyuma, fuuu, kama meli.

"Moto!" Bi Zuhura akapiga ukelele. "Kompyuta ya watu inaungua!"

Bwana Mutiso akanyakua jagi la maji ya ukwaju, Athmani akaruka mbele, "Usimwage!" na ukwaju wote ukaishia kwenye kanzu yake nyeupe. Akakivuta kitambaa, akakiona chetezo.

"Nyanya, hiki nini?" (Akiniita nyanya, jua nimekwisha.)

"Udi."

"Na hiki?"

"Nguo yake. Naivika tangu siku ya kwanza, kwani ulitaka ikae uchi?"

Akaigusa, akaurudisha mkono mbio. Mashine ilikuwa moto kama chuma cha chapati. "Kumbe ndilo linaloigandisha! Joto!"

Walicheka, wallahi, Bi Zuhura mpaka akaketi sakafuni na kaimati zake. Mimi nikavuta buibui usoni.

Athmani akaifungua ubavu, akaiacha ipoe, akaanza upya, na Bwana Mutiso mwenyewe akakunja mikono ya shati akaipepea kwa kipepeo changu cha jikoni. Kabla ya magharibi maandishi ya kwenye kioo yakafika mwisho, mashine ikauliza jina la mtumiaji, Athmani akaruka kama mtoto.

"Kesho mihuri mwachie mwenzako," Bwana Mutiso akamwambia.

Mkewe naye alikuwa akikipapasa kile kitambaa. "Nyanya, kizuri! Nifumie na mimi, cha kompyuta ya ofisini kwangu."

"Sivishi tena kitu kisichoweza kusema kinaona joto."

Akadhani natania, akanibembeleza mpaka mlangoni. Na hata juzi Athmani kaniletea uzi mwekundu, ati seva yake mpya haina nguo. Nikamwambia: "Sivishi tena kitu kisichoweza kusema kinaona joto."