Kigingi cha Kisimani Mwanyundo

Nilikwenda Mwanyundo kwa sababu mjomba wangu alinipigia simu na kuniambia nirudi nyumbani nikamkatalie mtu jambo. Yeye na kijiji kizima walikuwa wameshindwa kukataa.

Mambo yalikuwa hivi. Nyuma ya kijiji chetu, bara kidogo kutoka Msambweni, kuna kilima kilichoachwa wazi tangu zamani. Hakilimwi wala hakijengwi, ni nyasi, mivumo na mikorosho ya mwituni, na ukifika juu unaiona bahari yote mpaka upande wa Vanga. Sasa kilima hicho kimetengwa kiwe mahali pa watu wote, pa kutembea na kupumzika, na njia ya miguu itachongwa kuanzia chini hadi kileleni. Kilichobaki kilikuwa kuchagua njia hiyo ianzie wapi. Afisa wa mipango alikuja kutoka Kwale, akazunguka, akapenda kivuli cha mikorosho karibu na kisima, akapigilia kigingi chekundu pale. Akauliza kama kuna mwenye neno. Wote wakamsifu kwa macho yake ya kuchagua mahali, wakamwangulia madafu, akaondoka na furaha.

Na kisima kile kiko uani mwa kijiji. Ndiko wanawake wanakoteka maji, wanakofulia na wanakoogea, nyuma ya kiambaza cha makuti. Njia ikianzia hapo, kila mgeni atakayeshuka garini na kamera yake atawapitia mama zetu wakiwa na khanga moja.

Palikuwa na mahali pengine pamoja tu pa kufaa, yaani uwanja wa mbele, unaotazamana na barabara. Lakini nusu ya uwanja huo ni ya kiwanja cha marehemu mama yangu, na mimi ndiye niliyebaki. Nyumba ilianguka zamani. Nimeishi Lamu, Garissa, Voi, sasa niko Malindi nashona mapazia, na katika miji yote hiyo nimelala nikijiambia kwamba siku moja nitarudi nijenge pale. Hayo mjomba anayajua. Kwa hiyo kwenye simu hakuniomba kitu. Alisema tu, "Njoo Jumamosi, wanakuja kusimika nguzo kwa saruji. Wewe mdomo wako umeshazoea ulimwengu."

Ijumaa alfajiri niliondoka Malindi na mkoba mmoja. Nilikuwa na kazi ya mteja kwenye cherehani, nikaifunika kwa kitambaa na kumwomba jirani anifungulie duka ikibidi. Nimeondoka mahali pengi maishani, na sijawahi kujifunza kuondoka bila moyo kwenda mbio. Safari hii mbio zilikuwa za namna nyingine, kwa maana nilikuwa nakwenda mahali ninapotoka.

Likoni nilivuka na watu wa saa za kazi. Upande wa pili nilinunua karanga za moto na kusimama kidogo kusikiliza watu wanavyosalimiana. Mtu huuliza habari za nyumbani, za watoto, za mgonjwa, na kila swali linapewa jibu lake. Malindi tunasalimiana pia, lakini salamu za huku kusini ndizo nilizozaliwa nazo, na masikio yangu yalizipokea kama mtu aliyevuliwa viatu vinavyombana.

Kombani niliteremka makusudi, ingawa ningeweza kupitiliza. Mtu wa kwetu harudi nyumbani mikono mitupu. Nilinunua sukari, majani ya chai na mkungu wa ndizi. Mama aliyeniuzia aliniuliza nakwenda kwa nani. Nilipomtajia Mwanyundo, akacheka na kusema anao wakwe huko, na kwamba watu wa Mwanyundo ni wapole hata mwizi wakimkuta ndani humwuliza kama amekula. Nilicheka naye, lakini ndizi zikaniwia nzito njia nzima.

Ukunda palikuwa na kelele kama kawaida yake, tuktuk, bodaboda, na vijana wanaoita abiria kwa Kiswahili cha bara. Miaka yangu ya ishirini niliipitisha hapa, nikifua mashuka ya hoteli upande wa Diani. Nilikuwa na nafasi kabla ya jua kali, nikapanda bodaboda mpaka ufukweni. Nilitaka kuona kitu kimoja, nacho ni vile vichochoro vya kwendea baharini. Pwani ya Diani ni ya watu wote, lakini kufika unapita baina ya kuta mbili ndefu, mchanga umejaa takataka, na unatembea kwa haraka kama mtu aliyeingia shamba la watu. Ukitokeza, bahari ni ileile nzuri, ila umeshapoteza ile furaha ya kuja. Nilisimama pale nikafikiri kwamba mahali pa kuingilia humwambia mtu kama anatakiwa au hatakiwi, kabla hajaona chochote. Sikutaka kilima chetu kiwe na mlango wa kumtia mtu haya. Wala sikutaka kutoa kiwanja cha mama. Nilirudi barabarani na mambo hayo mawili.

Msambweni nilifika wakati watu wanatoka msikitini, kanzu nyeupe zimejaa njiani. Kutoka hapo ni barabara ya vumbi inayopanda polepole katikati ya minazi, kisha mikorosho, kisha mashamba ya mirangi, ile miti ya kutolea rangi, yenye maganda yake mekundu. Nilimwambia kijana wa bodaboda anishushe kabla ya kufika, nikaingia kwa miguu.

Mwanyundo ukiijia kwa mbele unaona kwanza uwanja. Ni mpana, mchanga wake umefagiliwa, na malori ya nazi hugeuzia hapo. Ukisimama katikati, kilima chote kiko mbele yako, na ukigeuza shingo unaona ukanda wa bahari nyuma. Kushoto ndipo ilipokuwa nyumba yetu. Msingi wa mawe bado upo, na minazi mitatu ambayo mama aliipanda. Niliweka mkungu wa ndizi juu ya msingi nikapumzika. Nilikuwa nimeshapanga vyumba pale kichwani mwangu, dirisha liko wapi, jiko liko wapi.

"Huyo anayekaa kwenye mawe ya watu ni nani?" Ilikuwa sauti ya Mwanahamisi, binti wa mjomba, akija na ndoo kichwani.

"Ni mwenye mawe," nikamjibu.

"Mwenye mawe tunamjua, alikuwa mwembamba." Akatua ndoo, tukakumbatiana mpaka maji yakamwagika.

Kwa Mjomba Bakari nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniangalia kwa furaha na kuuliza habari za kila mji nilioishi, mmojammoja, hata ile miji niliyoihama zamani. Baada ya chai nikamwuliza kwa nini hawakusema neno siku ile. Alionekana kushangazwa na swali langu. Akanieleza kwamba mgeni amekuja mara ya kwanza, amepanda jua lote hilo, ameonyesha kwa mkono mahali palipompendeza. Utamwambiaje hapana hata jasho halijamkauka? Na tena, akasema, wangemwonyesha wapi badala yake? Uwanja una mwenyewe, na mwenyewe yuko Malindi. Mtu hakaribishi wageni kwenye mkeka wa mwenzake.

Mwanahamisi alikuwa mlangoni akisikiliza. "Sisi kina mama tumeshaanza kuzungumza kuhama kisima," akasema. "Kile cha kule bondeni. Ni mbali, lakini hakina kigingi."

Aliyasema hayo bila hasira, na ndiyo maana yaliniuma. Kijiji kizima kilikuwa tayari kubeba maji kutoka mbali kuliko kumtia mgeni aibu, na kuliko kuniomba mimi kitu changu. Usiku huo nilijinyoosha kwenye kitanda cha kamba nikiwaonea hasira na fahari kwa pamoja.

Jumamosi asubuhi afisa alikuja. Anaitwa Bi Kerubo, mwanamke wa makamo, mwepesi wa kutembea, mwenye kofia pana. Gari lake lilipita njia ya nyuma likasimama kisimani, na wafanyakazi wawili wakaanza kushusha saruji na nguzo. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno yangu tangu nilipoamka. Lakini kabla sijafungua mdomo, Mwanahamisi na wenzake walishamshika mkono na kumpeleka kwa mjomba kula, na wale wafanyakazi nao wakapelekewa sinia palepale kivulini. Wali wa nazi, kunde, nguru wa kupaka. Mtu anapokula hakatazwi jambo, hilo hata mimi wa ulimwengu nalijua. Nikakaa nami nikala.

Alipomaliza kunawa alisema sasa arudi kwenye kazi yake kabla saruji haijapata jua. Mjomba akasimama, akatafuta kofia yake, akasema, "Basi tukusindikize."

"Gari liko hapo nyuma tu, mzee."

"Tunajua," akasema mjomba, akaelekea mbele.

Kusindikiza kwetu ni kazi yenye utaratibu. Mgeni hatolewi uani. Hutolewa kwa mbele, kupitia kwenye vibaraza vya watu, na kila nyumba hupata haki ya kumuaga. Kwa hiyo tulikwenda kidogo tukasimama, tukaenda tukasimama. Bi Kerubo alipewa mikono, akapewa maembe mawili, akaulizwa ana watoto wangapi, akaombewa dua. Mwanzo alikuwa anaangalia nyuma kuelekea gari lake. Kufikia nyumba ya nne alikuwa anacheka. Njia ikapanuka, tukatokea uwanjani, na mjomba akasimama katikati kwa sababu hapo ndipo kila mgeni wa Mwanyundo anapopewa mkono wa kwaheri.

Bi Kerubo alitazama kilima. Akageuka akaitazama bahari. Akatazama alama za magurudumu ya malori mchangani.

"Hapa gari kubwa linageuka," akasema, kama anazungumza peke yake. Kisha akatugeukia. "Mbona siku ile hamkunileta hapa?"

Mjomba akarekebisha kofia yake. Nikajua kwamba wakati wangu ndio huo, na kwamba wala hawangenisukuma.

"Siku ile ulikuwa mgeni, dada," nikasema. "Na uwanja huu nusu yake ni wangu, na mimi sikuwepo. Pale ulipoweka kigingi ndipo mama zetu wanapoogea."

Alivua kofia. "Mnaniambia ningejenga lango kwenye bafu la watu?"

"Karibu na hapo."

"Na ninyi mngeniacha nijenge?"

Mwanahamisi akasema, "Tungekuletea madafu."

Alicheka mpaka akachutama, na sisi tukacheka naye, hata mjomba ambaye huwa anacheka kwa mabega tu. Lakini aliponyanyuka alikuwa mtu wa kazi. Alipima kwa hatua. Akasema magari yatahitaji sehemu hii, banda la kina mama wauza vyakula na choo vitahitaji sehemu ile, na ubao wenye ramani usimame pale kwenye kona, mtu akishuka auone pamoja na kilima. Kila alipoonyesha, nusu ilikuwa ya kijiji na nusu ilikuwa yangu. Dirisha langu liliondoka. Jiko likaondoka. Msingi wenyewe ulibaki, na kipande cha nyuma chenye minazi mitatu.

"Si lazima useme leo," akaniambia. "Ninaweza kuwarudisha hawa vijana na saruji yao."

Nilimtazama mjomba. Hakunitazama. Alikuwa anazungumza na mtu mwingine habari za maembe, kwa sauti ya juu kidogo, ili nijue kwamba hasikilizi.

Niliwaza kwamba miaka yote hiyo nilikuwa nimeshika kiwanja, na kiwanja kilikuwa kikiwapokea wageni wa kijiji bila mimi kujua. Kila aliyefika Mwanyundo alikaribishwa na kuagwa juu ya mchanga wa mama. Mama mwenyewe asingezungushia ua. Nikasema nakubali, kwa sharti kwamba uwanja ubaki uwanja, usiwekwe ukuta wala lango la kufuli, na kwamba msingi wa nyumba usiguswe. Bi Kerubo alirudia maneno yangu mbele ya wote ili wasikie, wakaitikia.

Mwanahamisi alikwenda mwenyewe kisimani kung'oa kigingi. Alikuja nacho begani kama jembe, na kina mama wengine nyuma yake wakipiga vigelegele. Nyundo wakanipa mimi. Nilikikosa kigingi mara ya kwanza nikapiga mchanga, na mtu akasema huko Malindi tunapigilia mapazia. Mara ya pili kikaingia.

Jumapili waliniaga. Walinisindikiza nyumba kwa nyumba kama mgeni, ingawa nililalamika, na safari hii nguzo ilikuwa imesimama pembeni ya uwanja na saruji yake bado mbichi. Mjomba aliniuliza sasa nitajenga wapi. Nilimwonyesha kwa mkono: juu ya msingi uleule, nyumba ndogo zaidi, kibaraza kielekee njia. Akasema mtu atakayekaa hapo atachoka kwa salamu. Nikamwambia nimepumzika vya kutosha.

Njia ya kurudi sikuteremka Kombani wala Ukunda. Nilikaa dirishani nikiutazama upande wetu mpaka minazi ikaufunika. Nimezunguka pwani hii nikitafuta mahali panaponitosha, na nimejifunza kwamba watu wangu wanajua kumpokea mtu kuliko wote niliowaona, hata wanaposhindwa kumwambia anakanyaga wapi.

Hapa Malindi wateja huniuliza kwetu ni wapi. Zamani nilikuwa nikijibu Kwale, basi, kisha naendelea kushona. Siku hizi naiweka sindano chini. Nawaambia wapite Msambweni, wapande barabara ya vumbi mpaka wakute uwanja mpana uliofagiliwa, waegeshe gari, washuke. Njia ya kwenda kilimani inaanzia mlangoni kwa mama yangu.