Kitabu Alichokikalia Karani wa Ushuru

Karani wetu wa ushuru pale mpakani tulimwita Bwana Mto, kwa sababu ya ule mto wa sponji aliokalia. Miaka kumi na tisa alikaa dirishani pale, na simsamehei hata mmoja. Mimi ndiye niliyekuwa nafagia ofisi yake, kwa hiyo asitokee mtu akasema namsingizia.

Chini ya mto kulikuwa na kitabu cha viwango vya ushuru. Hakukifungua mbele ya mtu. Ukiuliza kiwango, anakutazama viatu kwanza, ndipo anataja. Ukibisha, "Basi mzigo wako ulale." Mtu mwenye macho makavu vile sijapata kuona!

Mama yangu ni fundi wa kushona. Cherehani yake ya kwanza, ya mkono, ilipovuka mpaka, aliuza kitanda chake alipe ushuru aliotajiwa na Bwana Mto, ndipo akaitoa. Tangu hapo analala mkekani, mgongo unamuuma. Mwaka huu ikafa kabisa, akaagiza nyingine kama ile ile. Bwana Mto akaitia stoo. Sare za shule nzima zinasubiri. Wiki ikiisha hazijashonwa, kazi inakwenda kwa mwingine.

Nilipomweleza Mjomba, mwalimu mstaafu, habari za kile kitabu, alicheka kwa hasira.

"Jaladani wameandika tariff, siyo? Hilo neno Waingereza hawakulizaa. Limetoka kwa Waarabu, likapitia kwa Waitaliano, na asili yake ni kujulisha. Ukoo mmoja na taarifa yetu. Ni orodha ya kumjulisha mtu anachotakiwa kulipa. Huyo mpuuzi anaikalia?"

"Kila siku, Mjomba."

"Basi mwinue."

Kesho yake asubuhi, karani hajafika, niliinua mto nikatafuta ukurasa wa cherehani. Nilisoma mara tatu. Nikachukua chaki nikaandika ukutani, kando ya dirisha: CHEREHANI YA MKONO HAINA USHURU.

Alipoingia, foleni nzima ilikuwa imeshasoma.

"Nani kaandika upuuzi huu?"

"Mimi," nikamjibu. "Nimenakili kutoka chini ya makalio yako."

Kazi niliipoteza palepale. Mama alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Alisoma tena polepole, kidole ukutani, akarudia, kisha akamgeukia karani.

"Nitolee cherehani yangu," alisema. "Halafu uniambie kitanda changu kiko wapi."