Jani la Vaileth

Zamani kitanda cha harusi kilichongwa miezi miwili na kikaja kulaliwa na wajukuu. Siku hizi kinanunuliwa asubuhi, nacho ni vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, masika ya kwanza limeshavimba kama andazi.

Fundi Kondo wa Keko hakukubali kujifunza upuuzi huo. Ubao wa kichwani aliuchonga mti wa uhai: mizizi chini, ndege wawili juu, matawi bila jani hata moja. Marehemu mkewe, Mwajabu, aliudarizi mti huohuo kwenye shuka la kila kitanda. Kila mtoto alipozaliwa, Kondo aliitwa aje achonge jani lake.

"Jani ni la damu ya kitanda hiki," aliwaambia maharusi wote, kama baba yake alivyomwambia.

Kitanda cha Leonardi na Kokuberwa, kule Ukonga, kilikaa miaka kumi na mmoja bila jani. Kondo alipokuwa na safari ya Pugu alizunguka njia nyingine asipite Ukonga, asije akakutana nao. Ndipo Kokuberwa akampigia simu: aje na patasi.

Alimkuta Vaileth, mtoto wa miaka saba, yatima wa mdogo wake Kokuberwa, aliyeletwa alelewe hapo.

"Shikamoo babu. Eti wewe ndiye unayeotesha majani?"

"Marahaba. Ndiye mie."

Mama yake Leonardi akacheka kwa kejeli. "Fundi, si ulituapia humuhumu? Jani ni la damu ya kitanda! Au siku hizi damu inauzwa sokoni Mabibo pamoja na mananasi?"

Leonardi akainamia viatu vyake.

"Mzee wangu," Kokuberwa akasema taratibu, "akikosa jani, kila akilala atajua yeye ni mgeni."

Kondo akausogelea ubao wa kichwani. Neno lile la damu lilikuwa la baba yake. Macho yake yakaangukia shuka la zamani la Mwajabu, kwenye bawa la ndege. Uzi ulimwishia Mwajabu pale, akakata kipande cha kanga yake mwenyewe akakishonea. Shuka lote lilikuwa limechakaa. Kiraka kile kilikuwa kizima.

"Hili silichongi," akasema.

Vaileth akashusha macho.

"Hili nalipandikiza."

Akakata jani kwenye kipande cha mpingo, akachimba nafasi yake kwenye tawi la mninga, akaligonga taratibu mpaka likazama. Likakaa jeusi tititi.

"Mama, njoo ulibandue," akamwambia mama yake Leonardi.

Bibi akajaribu kwa kucha. Akajaribu tena.

"Kha! Fundi, una jeuri wewe." Akamvutia Vaileth ubavuni. "Haya, mjukuu wangu, lishike jani lako."

Mara ya mwisho Kondo kuwaona, walikuwa wanahamia Bukoba. Kitanda kilikuwa juu ya lori. Vaileth aligoma kupanda mpaka bibi avue mtandio wake, alifunike jani lisilowe mvua.