Pale Anaponyamaza

Mpiga saksafoni wa kanisa letu hapa Kabuta hakai na kwaya. Husimama kando ya mlango unaotazama ziwa, mgongo ukutani, kamba za viatu amezifunga mara mbili. Miaka ishirini, kabla vita havijatukimbiza, alipiga jazi katika baa za Pweto, ng'ambo ya ziwa, na pumzi yake ilikuwa ndefu hata walevi waliacha kunywa wakimsubiri avute hewa. Siku hizi hupiga sauti nne, tano, kisha hunyamaza, vidole vikiganda juu ya vitufe. Wazambia, wenyeji wetu, wanapenda sana kimya hicho. Wanadhani ndiyo jazi yenyewe, wanakijaza makofi.

Jumapili iliyopita alimwinamia Mama Emilienne, kiongozi wa kwaya.

"Mama, ubaambie basipige makofi pale. Pale niko nasikiliza kama bwato ya baaskari inakuya mu ziwa. Kule Pweto nilivuta sauti moja murefu, sikusikia bunduki."

Leo aliponyamaza, hakuna aliyepiga makofi. Ndani ya kimya kile sote tukasikia injini ziwani. Wachuuzi wa samaki, bila shaka. Hata hivyo niliinama taratibu, nikafunga kamba za viatu vyangu mara mbili.