Mwanamke Asiyejulikana wa Junda

Harufu ya rangi mbichi ikichanganyika na moshi wa udi huniumiza kichwa mpaka leo. Ndivyo ulivyonuka ukumbi wa mtaa wetu wa Junda alasiri ile ya maonyesho ya picha, nilipokuwa na miaka kumi. Rangi ilikuwa ya ukutani, imepakwa siku moja kabla. Udi ulikuwa wa akina mama, ambao waliposikia kuna mwaliko ukumbini walifukiza nguo zao na kujitia manukato kama waendao harusini, kwa kuwa hakuna aliyewaeleza maonyesho ya picha huendewa vipi. Wawili walikuja na sinia la kaimati kabisa. Juu ya mlango palibandikwa karatasi kubwa iliyoandikwa: Watu Tusiowajua.

Jina hilo lilinikera kabla sijaingia. Mpiga picha, kijana mmoja mrefu kutoka bara, alikuwa amezunguka vichochoro vyetu wiki mbili akipiga picha kila aliyemwona, kisha akazitundika na kutwambia tuje tutazame watu tusiowajua. Tusiowajua sisi? Mle ndani hapakuwa na uso mmoja mgeni. Watu walisimama mbele ya kila picha wakamtaja mwenyewe, na babake, na mke aliyemwacha, na mke aliyemrudia. Muuza maji wa mkokoteni aliyepigwa akipiga mwayo alihamaki, akajipanga mbele ya ukuta na kudai apigwe upya, safari hii mdomo umefungwa. Kijana wa watu alihangaika kueleza kwamba maana ya kazi yake ni huo ugeni, lakini nani alikuwa na habari naye? Walikuwa wakibishana kama mwayo ule ulikuwa wa asubuhi au wa jioni.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nikitafuta picha moja, na nikiomba Mungu isiwepo.

Bibi yangu, Bi Mwanaidi, ndiye aliyenilea, na hakutaka kabisa kupigwa picha. Picha, alikuwa akisema, huenda kwa watu usiowajua, nawe hupo kujijibia. Siku mpiga picha alipofika uani kwetu, Bibi alikuwa amekalia mbuzi ya kukunia nazi, mgongo umeelekea njiani, leso yake ya kisutu mabegani. Kazi ile ilikuwa yangu. Alikuwa ameniita mara tatu nami nimejificha nyuma ya nyumba nikicheza na vifuu. Yule kijana akanikuta huko, akanituma kwa upole nikamwombe Bibi ruhusa. Sasa ningekwendaje? Nikijitokeza tu mbele yake, nazi ni yangu. Nikazunguka pembe ya nyumba, nikahesabu mpaka kumi, nikarudi na kumwambia, "Amekubali." Akanishukuru. Hata kutazama ndani ya kamera aliniachia, na mimi, mpumbavu, nikafurahi.

Kwa hiyo siku ya maonyesho nilijitia kuumwa na tumbo ili tubaki nyumbani. "Litapoa njiani," Bibi alisema, akavaa buibui lake. Na ile njia ya dakika tano tuliikata kwa saa nzima, maana hakumpita mtu bila kumuuliza hali ya goti, ya watoto, na ya paa linalovuja. Nilitamani kulia. Ukumbini ikawa vilevile, salamu moja baada ya nyingine, mpaka umati ulipopasuka wenyewe, nikajua tumefika.

Ilikuwa kubwa kuliko zote. Mgongo uliopinda, mkono wenye mishipa, kifuu cha nazi. Kila mtu mle ndani alimtambua kwa ile leso, na kila mtu aliiangalia sakafu. Bibi aliitazama picha, kisha maandishi ya chini yake. Herufi za Kiarabu alizisoma vizuri, lakini za shuleni hakuzijua.

"Hebu nisomee hapo chini."

"Abee, Bibi. Pameandikwa, Mwanamke asiyejulikana, Junda."

"Hajulikani na nani?"

Mpiga picha alinitazama mimi, nikatazama viatu vyake. Bibi akaikaribia picha zaidi, akatikisa kichwa kama amwoneaye huruma mtu wa mbali.

"Maskini," akasema. "Mtu mzima hivi, hana mjukuu wa kumkunia nazi?"

Akanishika mkono, tukarudi nyumbani. Hakunipiga wala kunisema, na heri angenipiga. Kesho yake niliikuta ile mbuzi ya nazi katikati ya ua, na nikakuna nazi kila siku bila kuitwa mpaka likizo ikaisha.

Bibi alifariki nikiwa kidato cha pili, na picha tuliyokuwa nayo ni ile ya kitambulisho tu, aliyoikunjia uso. Leo simu yangu imejaa picha mpaka inagoma, na nusu yake ni sahani za chakula. Tui nanunua la pakiti. Sikai kitako na mtu, sina wakati, na hata jirani wa mlango wa pili simjui jina.

Mwezi uliopita nilifuatilia karatasi zangu katika ofisi moja kule Changamwe. Nikaambiwa ningoje, nikangoja asubuhi nzima, nimefura kwa hasira, ndipo nilipoinua macho ukutani. Mgongo ule. Leso ile. Chini yake: Mwanamke asiyejulikana, Pwani. Hata Junda walikuwa wameiondoa! Nikatoa kalamu mkobani, nikasimama juu ya kiti, nikaandika: Bi Mwanaidi binti Omari.

Askari wa mlangoni alikuja mbio. "Mama, hapo hapaandikwi! Kwani wewe wamjua huyo?"

"Namjua," nikamwambia. "Hapo alikuwa ameshaniita mara tatu."