Foleni ya Mama Mkwe Ngomeni Harrowdene

Mama mkwe wangu, Beryl, fundi mapazia wa Durham, ana dini moja: foleni. Ukimkatia mbele kituoni hakutukani. Anakohoa tu, nawe unajuta kuzaliwa.

Jumapili ile alikuwa na haja moja tu, kuuona mwaridi uliopandwa na marehemu mama yake, enzi hizo mtunza bustani katika ngome ya Harrowdene. Bustani ilikuwa inafungwa saa kumi na moja. Kesho yake ukuta wenye mwaridi ulikuwa unabomolewa, na mwaridi wenyewe ung'olewe.

Tulifika mvua ikinyesha, kama kawaida. Tukala sandwichi za mayai garini, kisha mume wa Beryl, Clive, akaona foleni kando ya mnara.

"Ile pale!"

Tukajipanga. Punde na nyuma yetu wakajaa watu.

"Mama, tuulize basi ni ya nini," nikasema.

"Koma! Ukiuliza watadhani unataka kupenya."

"Mbona haisogei?"

"Haraka haraka haina baraka," akasema Clive, akijimiminia chai.

Saa kumi na moja kasoro dakika kumi ilitukuta palepale. Nilikuwa nachemka kwa hasira! Mara mlango wa duka la zawadi ukafunguka, akatoka mwanamke na mifuko tele, akamwendea bwana aliyekuwa mbele kabisa.

"Twende, mpenzi. He! Hawa wote wanangoja nini?"

Bwana akageuka, akatutazama. "Sijui. Mimi nakungoja wewe."

Hakuna aliyecheka. Watu wetu bwana! Wakaanza kuombana radhi. Beryl akaiva uso, akakunja sketi, akatimua mbio.

Langoni pa bustani palikuwa na foleni ya kweli, na bawabu keshashika komeo. Beryl akaipita yote kwa viwiko, nami nyuma yake.

"Mama! Foleni!" mtu akafoka.

"Nimeshapanga tangu saa nane!"

Tukazama ndani. Mwaridi ulikuwa umetambaa ukuta mzima, maua meupe yakidondosha maji. Beryl akaingiza uso mzima humo, akalia kwa sauti. Nami nikaingiza wangu, nikalia, miiba na yote.

Tulipotoka tulimkuta Clive nje ya lango. Alikuwa amekwenda kusimama mwisho wa foleni, wakamfungia.

"Mwaridi ukoje?" akauliza kinyonge.

"Mzuri mno," akasema Beryl, akijifuta kamasi. "Ungepunguza adabu kidogo, Clive, ungeuona."